Kabureta Hiyo! Mwongozo wa kuitibu mashine kongwe ya boti katikati ya mkondo

Mashine ya boti haizimi pwani. Pwani huwaka kwa mvuto wa kwanza, ikatulia, ikakojoa maji yake pembeni kama inavyotakiwa, na mwenye boti akasimama tezi, mkono kiunoni, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Huzima kule ambako maji yameshabadilika rangi, mkondo umeshakukamata, na abiria mmoja ameshatangaza mara mbili kwamba ana mgonjwa hospitali ya Kivunge. Mwongozo huu ni wa mtu aliye hapo. Aliye nchi kavu, mwenye meza, taa na spana za kutosha, hauhitaji.

Nazungumzia mashine ya kupachika nyuma, ile ya zamani ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, iwe ya farasi arubaini au kumi na tano, ambayo kifuniko chake kiliwahi kuwa na rangi. Mashine za kisasa zina kompyuta ndani, na zikizima huwasha taa kumweleza fundi zinaumwa wapi. Hazina mazungumzo. Ya zamani inakuachia wewe useme. Mie somo nimelipata kwa vitendo, katika mlango wa bahari baina ya Jongowe, kisiwani Tumbatu, na Mkokotoni, safari ambayo ukiikadiria kwa macho unaona mtu anaweza kuivuka hata kwa kuogelea, hasa kama muogeleaji si wewe.

Hatua ya kwanza ni kutaja ugonjwa. Usifungue kitu, usiguse kitu. Sauti ikikatika tu na boti ikaanza kuyumba kwa ule ukimya unaotia aibu, geuka uwatazame abiria usoni na useme: kabureta. Neno hili limechaguliwa kwa hekima ya miaka mingi. Ukisema plagi, kila mtu anajua plagi ni kitu cha kubadilisha kwa dakika mbili, na utaulizwa ya akiba iko wapi. Ukisema pistoni, watu wataanza kutoa shahada. Kabureta iko katikati: ni nzito kiasi cha kukuondolea lawama na nyepesi kiasi cha kuwaachia watu tamaa ya kufika. Isitoshe imejificha ndani, wachache wameiona, na hakuna atakayekupinga mbali na nchi kavu.

Hatua ya pili, vuta kamba. Vuta mpaka bega liseme. Wapo wanaoshauri kwamba kabla ya kuvuta utazame ile kamba nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu ya mezani, ambayo upande mmoja hufungwa mkononi mwa nahodha na upande wa pili una kipande cha plastiki kinachobana chini ya kitufe. Kazi yake ni kukata umeme wa plagi nahodha akianguka majini, ili boti isiende zake bila yeye au, vibaya zaidi, isirudi kumkata. Kipande hicho kikichomoka, utavuta hadi Isha na mashine haitatoa hata kikohozi. Boti nyingi za kwetu hazina tena kamba hiyo. Pale pa kipande pamebanwa ukanda wa ndala uliochongwa kwa kisu, na mtoto aliyekaa karibu akiuchomoa ili autazame vizuri, basi mashine imekufa na daktari wake ni yule mtoto. Lakini ukianza kukagua mambo madogo kama hayo watu watakuona hujiamini. Vuta.

Vuta pia bila kutazama kama gea iko katikati, na uache choki imevutwa tangu ulipoondoka. Choki hubana hewa ili mashine iliyolala usiku kucha ipate petroli nyingi ya kuamkia. Ikishaamka na kupata joto, petroli hiyo nyingi inaigharikisha, na kila mvuto unaoongeza unamimina nyingine. Utasikia harufu. Harufu ya petroli ndani ya boti ni ishara njema kwa nahodha wa aina yetu: inaonyesha mafuta yapo, kwa hiyo tatizo ni kabureta.

Ukifika mvuto wa kumi na tano utahitaji kupumzika, na mapumziko hayo yafaa kutumika kumlaumu mwanzilishi. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto mwaka 1906, Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Wisconsin kule Marekani, alipiga makasia ziwani kwenda kumletea mchumba wake Bess aiskrimu, na aliporudi ikawa imeshayeyuka. Hakuwa wa kwanza duniani kubuni mashine ya kupachika nyuma ya boti, lakini yake, aliyoanza kuiuza mwaka 1909 ikiwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, ndiyo iliyoshika soko, na Bess ndiye aliyesimamia hesabu na barua za biashara. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimeshika kamba. Laiti yule binti angekuwa wa Tumbatu, angeomba pweza mkavu. Pweza mkavu hayeyuki. Dunia ingebaki na makasia na tanga, na bega langu la kulia lingekuwa sawa na la kushoto.

Hatua ya tatu ni baraza. Abiria wataigeuza boti kuwa kikao, na usiwazuie. Kijana mwenye simu atasema ni sidiai, kile kidude cha kuipa plagi cheche, kwa sababu pikipiki ya binamu yake ilikuwa hivyo hivyo. Mzee aliyekaa omo atasema mashine za siku hizi si mashine, ingawa hiyo unayoivuta ni ya zamani kuliko kijana na simu yake. Mmoja atanong'ona kuhusu hasad. Kisha, lazima, mtu atasema: petroli.

Hapa nasimama kidogo, maana huyu wa mwisho mara nyingi ana haki, na kikao kitampita bila kumsikiliza. Neno kuchakachua halikuja Kiswahilini kwa ajili ya kura; watu walikuwa wakilisema kwenye vituo vya mafuta. Kule Bara EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa na mafuta ya taa yajulikane. Mashine yako haina maabara, lakini ina mdomo, na ikilishwa petroli ya kuchakachuliwa hupayuka, hukosa nguvu na kutoa moshi wa kukera. Maji nayo huingia kwenye dumu kwa njia zake: mvua, mawimbi, faneli iliyolala mchangani. Kupima ni rahisi mno kwa heshima ya nahodha. Chukua chupa ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha ndani, chota mafuta kutoka chini ya dumu, iweke itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajikalia chini peke yake na mstari utauona. Petroli iliyokaa miezi nayo huacha utando wa gundi kwenye vijitundu vya kabureta, na hiyo ndiyo siku adimu ambayo ile hatua ya kwanza huwa kweli.

Oili nayo ina mambo yake. Mashine hizi hazina sehemu ya kuwekea oili peke yake. Oili hupita pamoja na petroli, ikilainisha beringi na pistoni njiani kabla ya kuungua. Nyingi hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu hamsini za petroli, yaani dumu la lita 20 hupata mililita 400, na baadhi ya zile kongwe hutaka mara mbili ya hapo. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3 kwenye kopo. Sisi huchanganya mpaka dumu liwe na rangi ya juisi ya ukwaju. Juisi ya ukwaju ya nani, haijaelezwa popote. Ikizidi, plagi zinachafuka na moshi unawafukuza mbu mpaka kijiji cha pili. Ikipungua, mashine haisemi kitu, inakwenda vizuri kuliko siku zote, nyepesi na haraka, mpaka siku inaponoki.

Hatua ya nne ilihusu kusoma kitabu cha mashine. Kitabu cha yangu kilifungiwa njugu.

Sasa mkojo. Naomba radhi kwa neno, lakini hakuna baharia anayeuita kwa jina jingine, na ndiyo sehemu pekee ya mwongozo huu nisiyoweza kuifanyia mzaha kwa moyo mweupe. Mashine ya boti haina rejeta. Inapozwa na bahari yenyewe: maji huvutwa kupitia vitundu vya mguuni, yakasukumwa juu na impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa yanayokunjika, yakazunguka kwenye silinda, na kiasi kidogo kikatokea pembeni kwa mchirizi ili nahodha aone. Mchirizi ukikatika, zima. Zima hapo hapo, hata kama umebakisha hatua ishirini na mkweo anakusubiri pwani. Halafu chukua uzi mgumu wa mshipi, uchokoe kile kitundu, kwa sababu mara nyingi ni mchanga tu au nyigu aliyejenga nyumba mashine ikiwa imeegeshwa. Kama bado, inamisha mguu utazame vitundu vya chini. Bara mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla, lakini bahari haijapelekewa nakala. Mfuko mmoja ukijibandika pale, mashine inapata homa.

Kama vitundu ni safi na mchirizi haupo, impela imekufa, na aliyeiua ni yule aliyeiwasha mashine juu ya mkongojo, nchi kavu, ili mnunuzi asikie sauti. Mabawa yale hulainishwa na maji hayo hayo yanayoyasukuma. Yakisugua kavu huungua na kukatika muda si mrefu. Mnunuzi alisikia sauti nzuri sana. Alikuwa mimi.

Turudi kwenye kejeli, na siku nilipolipata somo lenyewe.

Siku ile nilikuwa nimebeba watu tisa na kapu moja la pweza, mali ya bi mkubwa wa Jongowe aliyekuwa akiwahi mnada wa samaki Mkokotoni. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuamka, mawimbi yakirusha matone ndani, na mimi, kwa kuyaonea huruma mafuta yangu, nilikaza kifuniko cha dumu kwa mikono miwili mpaka kikalia. Tukaenda vizuri kiasi cha robo saa. Kisha mashine ikapunguza sauti, ikaongeza, ikapunguza, ikazima kama mtu aliyesinzia katikati ya hotuba. Nikasema kabureta. Nikavuta. Baada ya kukaa kidogo ikawaka, tukasogea, ikazima tena palepale pa kuzimia. Nikasema: mnaona? Kabureta.

Nikaingia hatua ya tano, ambayo ni kufungua. Nilivua kifuniko cha mashine, nikachomoa kofia za plagi, nikafungua plagi ya juu. Plagi husomeka kama kiganja cha mkono kwa anayejua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mashine ina afya. Nyeusi na yenye majimaji, imezidishiwa oili au choki, au haichomi kabisa. Nyeupe kama mfupa, inaungua kwa joto, imekosa mafuta ya kutosha au maji ya kupozea. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama rangi ya fedha, hiyo ni pistoni yenyewe inakuaga kidogo kidogo. Yangu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa, ya kuwekewa hirizi. Kama ningekuwa mtu wa kusikiliza, plagi ilikuwa imeshanijibu: mashine ni nzima, tazama kwingine.

Nikaendelea na kipimo cha moto. Kipimo hiki hufanywa kwa kuirudisha plagi kwenye kofia yake, kuigusisha chuma cha mashine, na kuvuta kamba huku ukitazama kama cheche ya buluu inaruka. Umeme huo hauhitaji betri, unatengenezwa na sumaku zilizomo kwenye gurudumu la juu linalozunguka na kamba, na una nguvu za kutosha kumkumbusha mtu dhambi zake. Utaratibu wa kwetu ni kwamba plagi hushikwa na msaidizi. Kijana wa sidiai alijitolea. Cheche iliruka, ya buluu, nzuri, nayo haikuchagua njia ya chuma peke yake. Kijana akapiga yowe, akaurusha mkono, plagi ikaruka juu ikitoa mng'aro mmoja juani, ikaingia majini bila hata kishindo cha maana.

Tulilitazama lile duara la maji likipanuka. Mlango ule si wa kina kirefu, na kwa mwenye mawazo ya kitalii ungeweza kusema iko pale pale hadi leo.

Nilichofanya baadaye sijivunii. Nilijifanya napima mkandamizo. Hiki ni kipimo halali: unaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuvuta kamba, na silinda yenye ringi nzima hukirusha kidole. Fundi mwenye geji atapima zote na kulinganisha. Zikitofautiana zaidi ya takriban moja ya kumi, anakuna kichwa kwa namna inayogharimu pesa. Kidole changu kilirushwa vizuri. Nikatikisa kichwa kwa huzuni ili abiria wasione kwamba kila ninachopima kinatoka kizima.

Bi mkubwa alikuwa kimya muda wote, kapu mapajani, mtandio ameuzungusha usoni kwa ajili ya matone. Hapo akaniita.

"Mwanangu."

"Naam, bibi."

"Usinione naingilia kazi za watu. Hilo dumu lako, mbona limefyonza mashavu kama mtu anayevuta kiko?"

Nikageuka. Dumu la lita 20, la njano, lilikuwa limebonyea pande zote mbili mpaka limepata kiuno. Kile kibofu cha mpira kwenye hosi, ambacho kikiwa na mafuta huwa kigumu kama limau, kilikuwa bapa kama ulimi. Na kile kibofu, nikueleze sasa kwa kuwa siku ile sikukitazama, ndicho daktari wa kwanza wa mashine hizi. Kikigoma kujaa na ukawa unakibinya bila mwisho, hosi inapitisha hewa mahali au umekifunga kinyume na mshale wake. Kikinywea na kubaki bapa, mafuta yanazuiliwa kabla ya kufika kwake: kichujio, hosi iliyokunjika, au dumu lisilopumua. Mashine inavuta petroli, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na baada ya robo saa dumu linakuwa na nguvu kuliko pampu. Ukisubiri, hewa kidogo hupenya, inawaka, unasogea, inazima tena palepale pa kuzimia.

Nikalegeza kifuniko. Dumu likashusha pumzi ndefu, *fyuuu*, mashavu yakarudi, *bo*, upande mmoja, *bo*, upande wa pili. Boti nzima ilisikia. Nikabinya kibofu mara tano, kikawa kigumu kama limau.

Mashine ilikuwa tayari kuwaka. Ilikuwa na petroli, hewa, mkandamizo na mkojo, na plagi moja kati ya mbili. Plagi za akiba ninazo, kila mtu anajua ninazo: ziko nyumbani, kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kitambaa zisiingie kutu.

"Ndiyo imepona?" aliuliza mwenye mgonjwa.

Nikasema tusubiri ipoe.

Kuna hatua za fundi ambazo nilikusudia kuzieleza kwa kirefu, namna anavyokuja na spana ya kumi, ya kumi na mbili na nyundo, namna anavyoanza kwa kumlaani fundi aliyemtangulia, na namna ambavyo aliyemtangulia huwa ni yeye mwenyewe. Kuna pia mashine inayonguruma vizuri na boti haiendi, ambapo pini ya rafadha imekatika au wavu wa nailoni umejizungusha kwenye mhimili, na nahodha hukazana kuongeza mafuta. Lakini wakati huo ngalawa moja ilikuwa inakuja kutoka upande wa Tumbatu, tanga limejaa kusi, na mimi nilikuwa nimeshasimama kupunga kanga ya kuazima.

Mwenye ngalawa alikuwa mzee mkavu, amevaa kofia ya ukindu iliyopigwa jua mpaka imekuwa kijivu. Alitupia kamba, akaifunga bila kuharakisha, akaitazama mashine yangu iliyo kichwa wazi, waya mmoja ukining'inia bila plagi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Mashine ina nini?"

Boti nzima ikanyamaza. Kijana wa sidiai alikuwa anapuliza vidole vyake. Bi mkubwa aliinamisha uso kwenye kapu la pweza, mtandio mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Kabureta," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akalirudia tanga lake.

"Kabureta hizo," akasema.